Mabaka yaliyonisumbua karibu miaka mitatu, na makosa niliyofanya kabla sijapata matibabu sahihi

Ilianza usiku. Nimelala fofofo nikashtuka najikuna viganja, ile kuwashwa ambayo hata macho hujafumbua tayari kucha ziko kazini, nikadhani kunguni nikawasha taa. Hakukuwa na mdudu. Kulikuwa na mabaka mekundu yameumuka mapajani, na kiunoni pale lastiki ya nguo ya ndani inapobana kulikuwa na mstari mzima umeinuka kama mtu kanichapa fimbo. Katikati ya baka pamepauka, pembeni pekundu, ukigusa ni pa moto. Nikaoga maji ya baridi nikarudi kulala, asubuhi ngozi safi kabisa, hakuna hata alama, nikasahau.

Jioni yake yakarudi. Na kesho yake, na keshokutwa. Yanatoka kwenye mkono yanakaa saa tatu nne yanapotea, yanahamia mgongoni, usiku yanapanda mpaka kichwani kwenye nywele. Ukifika hospitali asubuhi unamwambia daktari mwili mzima unawasha anakuangalia haoni kitu, anakuandikia vidonge vya aleji vya siku tano unaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu kwa miezi mingi, ugonjwa wenyewe unaitwa urtikaria sugu ingawa jina nilikuja kulijua baadaye sana, na naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yuko pale nilipokuwa mimi, anasoma kwenye simu saa nane usiku huku anajikuna.

Kosa langu la kwanza na ndilo lililonigharimu kuliko yote lilikuwa kutafuta mkosaji. Kila mtu aliyeniona alikuwa na mshukiwa wake, mara sabuni, mara mafuta ya kujipaka, mara godoro, mara maji, mama yangu akasema mwanangu hiyo ni samaki acha samaki. Nikaacha samaki. Yakaendelea. Nikaacha mayai, nikaacha maziwa, karanga, nyanya, chochote chenye rangi. Nilibadilisha sabuni ya kufulia mara tatu, nikafua mashuka yote upya, nikanywa dawa za minyoo mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa na daftari naandika kila kilichoingia mdomoni na saa niliyokula, na kila usiku nikitoka mabaka napitia daftari namtafuta mhalifu wa leo, na kwa sababu mabaka yalikuwa yanatoka kila siku basi kila chakula kilikuwa na hatia. Ilifika mahali nilikuwa nakula vitu vinne tu, nimepungua kilo tisa, na mabaka yako pale pale.

Halafu nikaenda kupima aleji. Kile kipimo kikubwa cha damu kinachopima vyakula na vumbi na manyoya kwa mkupuo, pesa nilizolipa zilikuwa akiba ya miezi. Majibu yakaja na alama nyingi, eti ngano kidogo, soya kidogo, kamba, vumbi la ndani. Nilifurahi kwa kweli, nikasema sasa nimempata. Nikaacha hivyo navyo. Hakuna kilichobadilika.

Baadaye sana daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa hizo pesa na hizo kilo. Alisema kipimo kuonyesha una kingamwili za ngano, yaani zile askari za kinga kwenye damu, maana yake mwili wako unaitambua ngano, basi, haimaanishi ngano ndiyo inakutoa mabaka. Aleji ya kweli ya chakula ina tabia yake, unakula, ndani ya dakika chache au saa moja mbili mwili unalipuka, halafu inatulia, na ukila tena inarudia vile vile. Mtu anayetoka mabaka karibu kila siku kwa miezi, leo kala hiki kesho kala kile, chakula ni mara chache sana kuwa ndiyo chanzo. Akaniuliza, hivi siku ulizoshinda bila kula yalitoka? Nikakumbuka niliwahi kushinda na maji tu siku nzima, na jioni yalitoka kama kawaida. Jibu lilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe ila sikulisoma.

Kosa la pili lilikuwa namna ya kunywa dawa. Nilikuwa nameza kidonge pale ninapowashwa, nikitulia naacha, kama mtu anayemeza dawa ya kichwa. Tena nilianza na vile vya zamani, klofeniramini, vinavyoleta usingizi. Nilikuwa nalala nusu saa zaidi ndiyo, ila asubuhi kichwa kizito, kazini nasoma barua moja mara nne siielewi, siku moja nikiendesha gari nikasinzia kwenye foleni nikashtushwa na honi za nyuma. Hiyo ilinitisha. Hizo dawa za zamani zinaingia mpaka kwenye ubongo ndiyo maana zinalaza, na hata ukilala usingizi wake sio mzuri. Wataalamu siku hizi wanashauri za kizazi cha pili, kina setirizini, loratadini, feksofenadini, bilastini, ambazo hazilazi sana au hazilazi kabisa. Setirizini inaweza kumlaza mtu kidogo, mimi ilinilaza wiki ya kwanza tu.

Kosa la tatu naona uchungu hata kuliandika. Sindano. Kuna zahanati nilikuwa nikienda nikiwa nimezidiwa wananichoma steroidi, dawa kali za kutuliza kinga na uvimbe, na jamani ile kitu inafanya kazi, baada ya saa kadhaa ngozi inakuwa kama ya mtoto, unalala usiku mzima, unalia kwa furaha. Siku nne tano. Halafu yanarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Nilichomwa mara tano, na baada ya hapo nikajiongeza nikawa nanunua prednisoloni, steroidi ya vidonge, mwenyewe dukani bila karatasi ya daktari, nameza vidonge vichache nikizidiwa, vichache vikawa vingi, nikaenda hivyo karibu miezi mitatu. Uso ukavimba mviringo, njaa usiku kama nina mimba, presha ikapanda, moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Steroidi za kumeza kwenye ugonjwa huu zina nafasi yake, siku chache pale umelipuka vibaya, si zaidi ya siku kumi hivi na daktari akijua. Kuzitumia kila siku kwa miezi ni kuharibu mifupa, sukari, macho, na ugonjwa wenyewe hauponi. Na kama umeshazitumia muda mrefu usiache ghafla, nenda ukapunguziwe taratibu maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza za kwake. Mimi nilitaka kuacha siku hiyo hiyo niliyosoma madhara yake, bahati nzuri nilimuuliza mtu kwanza.

Mwezi wa kumi na moja wa hii safari niliamka mdomo wa juu umevimba, jicho la kushoto limefumba. Hakuna kuwasha, kunabana tu na kuuma kwa mbali. Mume wangu alinitazama akanyamaza, na mimi nilivyomwona amenyamaza ndipo nikaogopa kweli. Kumbe nao ni ugonjwa ule ule, uvimbe umeenda chini zaidi ya ngozi, wanauita anjioedema, na watu wengi wenye mabaka sugu wanaupata. Unaweza kuchukua mpaka siku mbili tatu kuisha. Hospitali swali la kwanza nililoulizwa ni kama nameza dawa ya presha, kwa sababu kuna kundi la dawa za presha, kina enalaprili na lisinoprili, zinaweza zenyewe kumvimbisha mtu midomo na ulimi bila mabaka yoyote, na hapo antihistamini, yaani hizi dawa za aleji kama setirizini, hazisaidii. Mimi sikuwa nazimeza. Ila kama wewe unameza na umevimba, sema mara moja. Na kama ulimi umevimba, sauti inabadilika, pumzi inakuwa ngumu, au unasikia kuzirai, hiyo sio ya kusubiri asubuhi, hiyo ni dharura ya kukimbia saa hiyo hiyo.

Huo mdomo ndio ulionifikisha kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka. Nilimwambia dokta samahani leo hakuna cha kuona, yametoka usiku yamepotea. Akasema hiyo yenyewe ni dalili. Nikamwonyesha picha, kwa sababu angalau hilo nilikuwa nimelifanya vizuri, picha zaidi ya mia kwenye simu zenye tarehe na saa. Kama hutachukua kingine humu chukua hilo, piga picha yakiwa yametoka, moja ya karibu na moja ya mbali.

Akanipa kazi ya ajabu. Alisema likitoka baka lizungushie kalamu ya wino pembezoni kabisa, andika saa pembeni, kesho saa hiyo hiyo uangalie. Nikaenda nyumbani nikajichora mikono na mapaja mpaka watoto wakacheka. Asubuhi duara zote zilikuwa tupu, ngozi ndani yake nyororo, na mabaka mapya yako nje ya duara. Akaridhika. Baka la urtikaria ya kawaida haliishi zaidi ya saa 24 mahali pale pale. Lingekaa zaidi ya hapo, likawa linauma kuliko kuwasha, likiondoka linaacha weusi kama mtu aliyegongwa, angenikata kipande kidogo cha ngozi akipime kwa sababu hapo inaweza kuwa mishipa midogo ya damu imepata uvimbe, na huo ni ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine.

Pia alichukua kitu butu akanipigia mstari mkononi, dakika kadhaa mstari ukainuka. Kwa hiyo nilikuwa na aina mbili kwa pamoja, ile inayotoka yenyewe bila sababu, na ile inayotoka ngozi ikikwaruzwa, ndiyo maana lastiki na mkanda wa begi vilikuwa vinanichora. Kuna watu wao inaletwa na baridi, wengine jasho na joto la mwili, wengine kubanwa, jua, mara chache sana hata maji. Hao chanzo chao kinajulikana na kinaweza kupimwa, mfano mwenye ya baridi anawekewa barafu mkononi dakika tano hivi wanaangalia, na huyo asijirushe kwenye maji baridi kuogelea, anaweza kuzirai humo humo majini.

Nikamuuliza sasa chanzo changu ni nini. Akasema chanzo kiko ndani. Ngozini kuna seli zinaitwa seli za masti zimejaa vifuko vya histamini, kazi yake ni kulinda mwili, na zikipasua hivyo vifuko histamini inalegeza mishipa midogo ya damu, maji yanavuja ngozi inaumuka, na neva zinawasha. Kwa watu wengi wenye mabaka ya kutoka yenyewe zaidi ya wiki 6, ambayo ndiyo yanaitwa sugu, kinga ya mwili imejichanganya inatengeneza kingamwili zinazozichokoza seli hizo bila adui yeyote kuwepo. Kwa hiyo sio uchafu, sio laana, haiambukizi hata kidogo. Karibu mtu 1 kati ya 100 anaweza kuwa nayo, wanawake mara mbili ya wanaume. Nilikaa pale kwenye kiti nikalia, yaani miezi kumi na moja nimejinyima mayai.

Vipimo alivyoandika vilikuwa vichache mno nikadhani ananipuuza. Damu kamili, kipimo cha uvimbe mwilini, IgE ya jumla, ambayo ni aina ya kingamwili inayohusika na aleji, na kingamwili za tezi ya shingo. Alisema kupima kila kitu ni kupoteza pesa, unapima zaidi pale historia inapokuelekeza, kama mtu ana homa zisizoisha, viungo vinauma, tumbo. Kingamwili zangu za tezi zilikuwa juu, kitu kinachoonekana sana kwa wagonjwa hawa kwa sababu magonjwa ya kinga kujishambulia hupenda kutembea pamoja. Homoni zenyewe zilikuwa sawa kwa hiyo hakunipa dawa ya tezi, ananipima kila mwaka tu.

Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mgongo ukiuma unameza nini? Ibuprofeni. Na diklofenaki mgongo ukizidi. Akaweka kalamu chini. Dawa za maumivu za kundi hilo, aspirini ikiwemo, zinachochea mabaka kwa wagonjwa wengi kiasi, si wote, na nilivyorudi kwenye picha zangu zile siku mbaya kabisa, pamoja na ile ya mdomo kuvimba, zilifuata siku za mgongo. Hazileti ugonjwa lakini zinaumwagia petroli. Nikahamia parasetamoli na milipuko mikubwa ikapungua, ila mabaka ya kila siku yakabaki. Daftari langu lilikuwa na kila tonge nililokula na halikuwa na kidonge hata kimoja nilichomeza. Andika dawa zako, zote, hata zile unazoona za kawaida.

Matibabu yenyewe yana ngazi na ukizijua huchanganyikiwi. Ngazi ya kwanza setirizini moja kila siku, uwashwe usiwashwe. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la zamani, dawa inakalia mlango ambao histamini inataka kuingilia, sasa ukingoja histamini imeshaingia ndiyo umeze, utafunga mlango mgeni yuko ndani. Wiki mbili mpaka nne, ikikataa dozi inaongezwa, na kwa dawa hizi za kizazi cha pili madaktari wanaruhusiwa kwenda mpaka mara 4 ya dozi ya kawaida. Nisikilize vizuri, hilo ni la kufanya na daktari, hasa mwenye figo, ini, moyo, au mjamzito, na hizo za zamani za usingizi haziongezwi hivyo.

Alinipa na namna ya kujipima. Kila siku unajipa alama ya mabaka 0 mpaka 3, hakuna ni 0, chini ya 20 ni 1, kuanzia 20 hadi 50 ni 2, zaidi ya 50 au yameungana makubwa ni 3, na kuwashwa vile vile 0 mpaka 3. Unajumlisha wiki nzima, mwisho ni 42. Wiki yangu ya kwanza ilikuwa 31. Kwa kidonge kimoja ikashuka 26, viwili 21, vinne ikakwama 17. Hii namba ilinisaidia kuliko nilivyodhani kwa sababu ukiwashwa usiku unaona dawa haifanyi kazi kabisa, unataka kuitupa, lakini karatasi inakuambia umetoka 31. Na daktari naye ukimpa namba anakusikiliza tofauti na ukimwambia "bado nasumbuka".

17 bado ni usiku mbaya. Ngazi iliyofuata ni omalizumabu, sindano ya chini ya ngozi, miligramu 300 kila wiki 4, inanasa zile IgE kwenye damu zisizichokoze seli. Ilikubaliwa kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Ni ghali, niseme wazi, bima ilikataa mara ya kwanza na nilingoja miezi minne, na kilichowabadilisha ni zile karatasi za alama na orodha ya dawa nilizotumia na tarehe zake. Hifadhi karatasi zako. Sindano za mwanzo wanakukalisha pale wakuangalie kwa sababu mara chache inaweza kuleta aleji kali. Kuna wanaopata nafuu ndani ya wiki, wengine inachukua mpaka miezi 6, mimi ya kwanza haikufanya kitu nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, siku kama ya kumi baada ya ya pili nikaamka saa kumi na mbili asubuhi na nikakaa kitandani muda mrefu najaribu kuelewa nini kimebadilika. Nilikuwa nimelala usiku mzima.

Ingenikatalia bado kulikuwa na siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo inataka kupimwa figo na presha mara kwa mara, na mwaka 2025 Marekani waliidhinisha pia dupilumabu, sindano nyingine, kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo mtu akikuambia hakuna dawa utazoea tu, tafuta daktari mwingine.

Jambo moja halizungumzwi. Kutolala kwa miezi kunambadilisha mtu. Niligombana na mume wangu kwa vitu vidogo, nilikuwa sitaki kuguswa kwa sababu akinishika bega linachorwa, niliacha kwenda kwenye shughuli za watu maana kuna aliyerudisha mkono nilipompa wangu. Msongo hauleti huu ugonjwa wenyewe ila unauchochea, na ugonjwa unaleta msongo, mnazunguka hivyo. Nilimwambia daktari kwa kuchelewa sana kwamba naona kama maisha hayana maana, akanitafutia mtu wa kuongea naye, na nadhani hizo wiki za kuongea zilinifaa sawa na setirizini. Mwambie daktari wako usingizi na moyo wako vikoje hata asipouliza. Na usiku ukizidi, kitambaa chenye maji ya baridi, nguo pana za pamba, kucha fupi, maji ya moto achana nayo kabisa.

Nilichoma sindano miezi kumi na sita, kisha tukaanza kuachanisha, wiki 5, wiki 6, wiki 8, tukasimamisha. Kwa wengi ugonjwa huisha wenyewe ndani ya miaka michache, dawa inakutunza wakati unasubiri uishe, na unaweza pia kurudi, hilo nimeambiwa wazi na nimelikubali. Mayai nimerudi kula, samaki nakula, vidonge ni setirizini moja usiku.

Sasa niko wiki ya kumi na moja bila sindano. Juzi yalitoka mawili mkononi, makubwa kama vifuniko vya chupa, moyo ukanienda mbio nikatafuta kalamu nikayazungushia, nikaandika saa kumi jioni. Saa nne usiku nikaenda kuangalia chini ya taa ya bafuni. Duara mbili za wino wa bluu, ndani hakuna kitu.